Mwanahamisi au Mwanamisi? Tuyalinde majina yetu kwenye karatasi

Zamani binti akizaliwa siku ya Idi, jina halikutafutwa mbali. Aliitwa Mwanaidi. Wa Alhamisi ni Mwanahamisi, wa Ijumaa ni Mwanajuma. Wa kwanza ni Mosi, wa pili ni Pili, aliyekuja usiku ni Chausiku. Kwa ndugu zetu Wagiriama, Charo ni jina la safari na Nzala ni jina la njaa. Hata shujaa Mekatilili wa Menza, aliyezaliwa akiitwa Mnyazi, tunamjua kwa jina la uzazi: mama yake Katilili.

Yapo pia Tabu, Shida na Sikujua, ambayo vijana wa leo huyacheka. Lakini si mzaha. Mama aliyepitia mazito alikuwa akiyasema kupitia jina la mwanawe, na ukoo mzima ukakumbuka.

Sasa majina haya yanapata shida nyingine, ya karatasi. Nyumbani binti ni Mwanamisi. Chuoni ni Mwanahamisi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamis, na shuleni ameandikwa Mwana Hamisi. Kwa bibi yake huyo ni mtoto mmoja. Kwa ofisi ya serikali ni watu wanne.

Kosa huonekana akifika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho. Hapo huanza safari za kwa chifu, hati za kiapo na nauli za kwenda na kurudi. Kwetu Pwani, ambako wengi wameshaulizwa asili ya babu zao kwa sababu tu ya majina yao, herufi moja iliyopotea huzidisha mashaka. Na mzazi akifariki, jina lisilolingana laweza kuchelewesha mirathi na hati ya shamba.

Jambo hili lina uzito zaidi leo. Mfumo wa Maisha Namba, ulioanza kuingizwa mwishoni mwa 2023, unampa mtu nambari moja tangu kuzaliwa hadi kufa. Kosa la siku ya kwanza litamfuata kila aendako.

Makarani wana lawama yao. Anayeandika jina asilolijua amuulize mzazi, kisha amsomee alichoandika. Lakini nasi tujiulize. Wangapi hupokea karatasi hospitalini na kuikunja bila kuisoma?

Kubalianeni nyumbani jina litaandikwaje, mliandike kabla ya kwenda kujifungua, na mlikague kabla ya kutoka wodini. Msajili mtoto kabla ya miezi 6 kupita, kwani baada ya hapo huhesabika amechelewa. Kisha mwambieni mtoto kwa nini anaitwa hivyo. Anayejua maana ya jina lake hatakubali liandikwe ovyo.