Mageuzi Ndani ya Kichupa

Ndugu msomaji, chukua pakiti ya sabuni ya unga unayofulia nyumbani, usome yale maandishi madogo yaliyo nyuma yake. Katika pakiti nyingi, pamoja na chumvi na manukato, utakuta vimetajwa vimeng'enya. Hivyo ndivyo vinavyoshughulikia doa la damu, la yai na la maziwa katika nguo za watoto. Kimeng'enya ni protini, na kazi yake ni kuharakisha badiliko la kikemia ambalo pengine lingechukua miaka mingi. Katika sabuni, ukoo mmoja mashuhuri huitwa subtilisini, na asili yake ni bakteria wa udongoni. Subtilisini huikata protini ya doa vipande vipande mpaka maji yaichukue. Ndiyo maana si busara kumwagia maji yanayochemka nguo yenye damu: joto kali huigandisha damu katika uzi, na huiharibu subtilisini yenyewe kabla haijaanza kazi. Loweka kwanza katika maji ya baridi au ya vuguvugu.

Lakini leo sikukusudia kuandika juu ya ufuaji. Nakusudia kueleza jinsi wanasayansi wanavyovitengeneza upya vitu kama hivi, kwa njia ambayo mkulima yeyote wa mahindi ataitambua mara moja, ingawa hufanyika katika vioo vya maabara na ndani ya kompyuta.

Mwaka 1993, katika Taasisi ya Teknolojia ya California huko Marekani, Bibi Frances Arnold na mwenzake Keqin Chen walitangaza matokeo ya kazi yao juu ya subtilisini. Shida waliyokuwa wakiishughulikia ni hii: kimeng'enya hicho kimezoea maji, bali kemia ya viwandani mara nyingi huhitaji vimiminika vingine. Ukikitia katika kimiminika kiitwacho dimethilifomamidi, nguvu yake hupungua sana. Wataalamu wengi wa siku zile waliona kwamba njia ya heshima ni kulichunguza umbo la protini, kisha kukaa mezani na kuamua kwa akili ni kiungo gani kibadilishwe. Bibi Arnold, ambaye kwa mafunzo yake ya kwanza alikuwa mhandisi wa mitambo na vyombo vya anga, aliijaribu njia hiyo akaona haimfikishi popote.

Sababu ni hesabu, na hesabu hii yafaa tuitazame kwa utulivu. Subtilisini ile ni kama mkufu wa shanga 275. Kila shanga ni asidi amino, na kila mahali pa shanga panaweza kukaliwa na mojawapo ya aina 20. Ukitaka kuandika idadi ya mikufu yote inayoweza kutungwa kwa namna hiyo, utahitaji namba yenye tarakimu 358. Atomi zote za ulimwengu unaoonekana hukadiriwa kwa namba ya tarakimu 80 hivi. Basi hakuna maabara, wala taifa, wala dunia nzima ikishirikiana, inayoweza kuijaribu mikufu yote.

Hata hivyo, badilisha shanga moja tu. Mahali ni 275, na kila mahali pana aina 19 nyingine za kujaribu. Jumla ni mikufu 5,225. Hiyo ni kazi ya watu wachache wenye subira. Ukibadilisha shanga mbili kwa mpigo, idadi inapanda mara moja hadi zaidi ya milioni 13. Hapo ndipo siri ilipo: usiruke mbali. Piga hatua moja, shika kilicho bora, kisha anza hatua ya pili kutoka hapo ulipofika.

Wakafanya hivyo. Waliinakili chembe ya urithi ya subtilisini kwa namna ya kizembe makusudi, ili makosa machache yaingie katika nakala. Nakala hizo zenye makosa wakawapa bakteria, na bakteria wakaoteshwa katika sahani zenye protini ya maziwa na kile kimiminika kinachowasumbua. Pale ambapo kimeng'enya kilifanya kazi, maziwa yalikatika na duara angavu likatokea kuzunguka kundi la bakteria. Duara kubwa ni kimeng'enya chenye nguvu. Bakteria wenye duara kubwa wakachukuliwa kuwa mbegu ya raundi inayofuata, nao wengine wakaachwa. Mkulima anayetembea shambani kabla ya mavuno, akitenga magunzi manono kwa ajili ya msimu ujao, anafanya jambo lile lile, ila yeye husubiri mvua.

Mwishoni walipata kimeng'enya ambacho shanga zake 10 zilikuwa zimebadilika. Katika mchanganyiko ambao asilimia 60 yake ni dimethilifomamidi, kilifanya kazi mara 256 kuliko kile cha asili. Mwaka 2018 Bibi Arnold alitunukiwa nusu ya Nishani ya Nobeli ya Kemia, akiwa mwanamke wa tano kuipata ya somo hilo. Nusu nyingine waligawana George Smith na Gregory Winter.

Wahandisi, ni haki kusema, walikuwa wameuona mlango huu mapema. Mwaka 1964 Ingo Rechenberg wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin aliweka ubao wa vipande sita vilivyoungwa kwa bawaba tano mbele ya upepo wa mashine. Kila bawaba iliweza kukaa katika pembe 51, maana yake maumbo zaidi ya milioni 345. Akawa anazibadilisha bawaba kwa bahati nasibu, anapima ukinzani wa upepo, anashika umbo lililo afadhali. Baada ya majaribio mamia machache tu ubao ule uliokuwa umepindapinda ukawa umenyooka, jambo ambalo kila mtu alilijua tangu mwanzo kuwa ndilo jibu. Lakini ubao haukuwa umeambiwa. Mwaka 1975 John Holland wa Marekani akatoa kitabu kilichoeleza namna ya kuyafanya hayo katika kompyuta, pamoja na kuchanganya sifa za wazazi wawili katika mtoto. Utaratibu wa namna hii huitwa algoriti ya mageuzi.

Tatizo la algoriti ya mageuzi, ndugu msomaji, ni utiifu wake. Hukupa kile ulichokipima, wala si kile ulichokitamani. Mwaka 1994 Karl Sims alikuza ndani ya kompyuta viumbe vya kuchora, akiwachagua wale waliokwenda kwa kasi. Alitazamia watembee. Wengine wakaota wakawa warefu kama minazi, kisha wakaanguka. Na kwa kuwa mti mrefu unapoanguka kilele chake huenda kwa kasi, kipimo kiliwapa alama. Katika maabara za vimeng'enya pia kanuni hii inajulikana sana. Ukipima katika baridi, usishangae kimeng'enya chako kinapokufa katika joto.

Tuje kwenye dawa, maana kisukari kimeingia katika nyumba nyingi. Kipo kidonge kiitwacho sitagliptini. Hapo awali hatua moja ya kukitengeneza ilihitaji gesi ya haidrojeni kwa shinikizo kubwa pamoja na rodi, metali adimu na ya thamani. Mwaka 2010 kampuni za Merck na Codexis zilitangaza kimeng'enya kilichochukua nafasi ya hatua hiyo. Kile walichoanza nacho hakikuonyesha uwezo wowote juu ya molekuli husika, kwa sababu molekuli ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa kimeng'enya. Walitumia kwanza vielelezo vya kompyuta kupanua mfuko, kisha raundi baada ya raundi za mageuzi, mpaka shanga 27 zikawa zimebadilishwa. Mavuno ya dawa yaliongezeka kwa asilimia 10 hadi 13, taka zikapungua kwa asilimia 19, na ile metali ikaachwa. Hizi ni habari njema. Lakini gharama ya kiwandani ni jambo moja na bei ya dukani ni jingine, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzito: sahani ya maabara ilipima mavuno, wala haikuulizwa kama fundi mwashi mwenye kisukari atakimudu kidonge hicho mwisho wa mwezi. Swali hilo lina wapimaji wengine, nao hawavai makoti meupe.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Mwezi Januari 2020 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Vermont na cha Tufts, akiwamo Josh Bongard na Michael Levin, walitangaza kwamba kompyuta yao kubwa ilifanya kazi kwa miezi kadhaa ikibuni maumbo ya kiumbe kidogo kwa algoriti ya mageuzi, mara 100 tangu mwanzo hadi mwisho. Maumbo yaliyochaguliwa yakatengenezwa chini ya darubini kwa seli za ngozi na za moyo wa kiinitete cha chura. Seli za moyo zinapiga, za ngozi zinashikilia, na kiumbe kisichofikia upana wa milimita moja kinajikokota. Kikikatwa karibu nusu, hujiunga tena. Kikipinduliwa chali, hakiwezi kwenda, sawa na mende.

Chura mwenyewe, Xenopus laevis, ni mwenyeji wa kusini mwa Afrika, na si mgeni katika mambo ya nyumba. Tangu miaka ya 1930, kwa sababu ya uchunguzi wa Lancelot Hogben, alisafirishwa hadi hospitali za ng'ambo kupimia mimba: jike alidungwa mkojo wa mama, na alipotaga mayai baada ya saa kadhaa, basi mama alikuwa mjamzito.

Mwaka 2021 watafiti wale wale walionyesha kwamba vijiumbe hivyo, vikiwekwa katika sahani yenye seli zilizotawanyika, vinazikusanya marundo, na marundo mengine yakawa vijiumbe vipya. Kompyuta ikaulizwa ni umbo gani litaendeleza uzazi huo kwa muda mrefu zaidi. Baada ya miezi ikajibu: umbo la mdomo uliofunguka, kama herufi C. Wakavichonga hivyo, na vizazi vikaongezeka.

Msomaji atauliza kama vitu hivi vinaweza kutoroka. Vile vya mwaka 2020 havina mdomo wala tumbo. Huishi kwa akiba iliyomo ndani ya seli zao, siku saba au zaidi kidogo, kisha hufa. Vile vya mwaka 2021 havizai pasipo mtu kuwamwagia seli katika sahani, na kazi yenyewe ilipitiwa na wataalamu wa maadili wa vyuo, wa jimbo na wa serikali ya Marekani kabla ya kuendelea.