Jina moja, ng'ambo mbili: Simu za Mweru ni za nani?

MFANYABIASHARA wa samaki anayevuka Ziwa Mweru kutoka Kashikishi kwenda Kilwa hubeba laini mbili za simu. Moja ni ya Zambia, nyingine ni ya Congo. Mara nyingi zote mbili huwa za Airtel, zenye jina lilelile na rangi nyekundu ileile. Lakini akishuka mtumbwini upande wa pili, zile kwacha alizoziweka kwa wakala wa Nchelenge hawezi kuzitoa kwa wakala wa Kilwa, na akipiga simu kwa laini aliyotoka nayo nyumbani anahesabiwa kuwa ni mgeni. Jina ni moja, kampuni zinazomhudumia ni mbili.

Kwa mtu wa Lusaka au Kinshasa jambo hili ni dogo. Kwa mtu aliyerudi Pweto baada ya kukaa ukimbizini, huku ndugu zake wangali Mantapala, si dogo hata kidogo. Simu ndiyo njia yake ya kujua kama barabara inapitika, bei ya unga imefika wapi, na kama nyumba aliyoiacha bado imesimama. Kwa hiyo ni halali kuuliza: kampuni hii imekua vipi, ni ya nani, na ukubwa wake umewafaidia nini watu wanaoishi kwa kuvuka mpaka?

Kutoka Celtel hadi Airtel

Mwaka 1998, Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alianzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Celtel. Wakati huo makampuni makubwa ya Ulaya yaliiona Afrika kuwa ni mahali pa hasara. Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuingia katika mtandao wake. Mwaka 2000 ilianza kazi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, nchi ikiwa bado vitani.

Siri ya ukuaji wake haikuwa kubwa. Simu za mezani zilidai anwani, fomu na ankara ya kila mwezi. Simu ya mkononi ilidai kadi ndogo ya kukwangua, iliyolipiwa kabla. Mvuvi asiye na akaunti ya benki na mkimbizi asiye na anwani ya kudumu wote waliweza kuwa wateja. Kampuni haikumkopesha mtu. Ilipokea fedha kwanza, ikatoa huduma baadaye. Shilingi, faranga na kwacha za watu wadogo ndizo zilizojenga mtandao huo.

Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa MTC, kampuni ya Kuwait, kwa takriban dola bilioni 3.4 za Marekani. Mwaka 2008 jina la Celtel lilifutwa, mabango yakapakwa rangi upya, ikawa Zain. Mwaka 2010 Zain nayo iliuza biashara yake katika nchi 15 za Afrika kwa Bharti Airtel ya India, katika mkataba wa dola bilioni 10.7 pamoja na madeni. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na nchi zilizojumuishwa baadaye, kama Nigeria iliyoingia mwaka 2006, lakini sehemu nyingine ilitokana na wateja kuongezeka katika nchi zilezile. Juni 2019 Airtel Africa iliingia katika soko la hisa la London. Kufikia Machi 2025 ilikuwa na wateja milioni 166 katika nchi 14.

Katika muda wote huo, mteja wa Nchelenge hakubadilisha namba yake. Aliyebadilika ni mwenye kampuni. Mwenyewe alihamia Kuwait, kisha Delhi, kisha akagawanyika London, na mteja alipata habari kwa kuona rangi mpya kwenye kibanda cha vocha.

Mnara wa nani, pochi ya nani?

Mambo hayakuishia hapo. Wengi wetu tukiona mnara wa simu tunadhani ni mali ya kampuni ya simu. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini mwishoni mwa mwaka 2014 Airtel ilikubaliana kuiuzia IHS minara yake ya Zambia na Rwanda, ipatayo 1,100. Upande wa Congo, minara yake ilikwenda kwa kampuni nyingine, Helios Towers, mwaka 2016. Kampuni ya simu ikawa mpangaji kwenye nguzo ilizozisimika yenyewe.

Hata pochi ya fedha ina wenyewe wake. Mwaka 2021 biashara ya Airtel Money ilipokea wawekezaji wapya: mfuko wa Rise wa TPG ya Marekani kwa dola milioni 200, Mastercard kwa dola milioni 100, na Qatar kwa dola milioni 200. Wakati huo biashara hiyo peke yake ilithaminiwa kuwa dola bilioni 2.65. Mama anayetuma kwacha 50 kwa mwanawe aliye shuleni Mansa huchangia, kwa ada anayokatwa, katika hesabu zinazosomwa na watu wasiolijua hata jina la Mweru.

Je, Wazambia wenyewe hawana sehemu? Wanayo, ila ni ndogo. Celtel Zambia iliandikishwa katika Soko la Hisa la Lusaka mwaka 2008, na wananchi wakanunua. Baada ya Bharti kuingia mwaka 2010, wengi waliuza, na mwenye kampuni akabaki na hisa zaidi ya 96 katika kila 100.

Hatusemi hayo ili kumlaumu mgeni kwa kuwekeza. Bila mtaji huo tungekuwa bado tunapanga foleni posta. Wala umiliki wa serikali peke yake si dawa. Zamtel, shirika la serikali ya Zambia, liliuzwa kwa asilimia 75 kwa LAP Green ya Libya mwaka 2010 kwa dola milioni 257, kisha serikali mpya ikalichukua tena mwaka 2012. Mwenyewe ni taifa, lakini leseni ya Zamtel nayo inakoma katikati ya ziwa kama ya wengine. Hoja yetu ni nyingine kabisa.

Zawadi si haki

Septemba 2006 Celtel ilifanya jambo ambalo watu wa mipakani hawajalisahau. Ilianzisha mpango ulioitwa One Network, ukiunganisha Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja aliyevuka mpaka alipokea simu bure na kupiga kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2007 mpango huo ulifika Congo, na baadaye nchi nyingine. Kwa mara ya kwanza kampuni ilikiri kwamba mfanyabiashara wa mpakani si mtalii.

Lakini mpango ule ulikuwa uamuzi wa kampuni. Ulibuniwa kwa sababu ulimvutia mteja na kumshinda mpinzani. Mwenyewe akibadilika, hesabu hubadilika, na kilichotolewa kwa hiari huweza kuondolewa kwa hiari. Hakuna mahali ambapo mteja angekwenda kudai.

Tazama sasa njia nyingine. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda, na Sudan Kusini pamoja nao, zilikubaliana kuweka ukomo wa gharama za simu zinazovuka mipaka yao na kuondoa malipo ya kupokea simu ukiwa ugenini. Hapo kampuni zote zilibanwa, iwe ya Mhindi, ya Mwingereza au ya wananchi. Kampuni ikiuzwa kesho, mnunuzi anaikuta kanuni palepale.

Hiyo ndiyo tofauti ya zawadi na haki. Zambia na Congo zote ni wanachama wa SADC na COMESA. Hazikosi meza ya kukaa. COMESA imeshaweka utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wa mipakani, kwa kutambua kwamba mtu mwenye magunia mawili ya samaki wakavu hawezi kutendewa kama mwenye malori ishirini. Basi kwa nini simu ya mtu huyohuyo itozwe kana kwamba yeye ni mkurugenzi aliyeko safarini?

Laini ina serikali nyuma yake

Wapo watakaosema: nunua laini mbili, maisha yaendelee. Ndivyo wengi wanavyofanya. Lakini kila laini ina serikali nyuma yake, na mwenye laini hubeba mzigo wa serikali hiyo.

Septemba 2020 Congo ilianzisha tozo ya kusajili simu iliyojulikana kwa jina la RAM. Mwenye simu ya kawaida alidaiwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya kisasa dola 7, na fedha zilikatwa moja kwa moja kwenye salio. Mtu aliweka salio asubuhi akakuta limepungua kabla hajampigia yeyote. Malalamiko yalikuwa makubwa hadi bungeni, na mwaka 2022 tozo ikafutwa. Zambia nayo katika miaka ya karibuni imeweka tozo ya kutumiana fedha kwa simu.

Lipo pia suala la kufungwa mtandao. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, Congo ilizima intaneti na ujumbe mfupi, na hali hiyo iliendelea kwa karibu wiki tatu za Januari 2019. Agosti 2021, siku ya uchaguzi wa Zambia, WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii ilizuiwa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia kati. Kampuni hutii amri kwa sababu leseni yake iko mikononi mwa anayeamuru. Kampuni ya nchi 14 ina mabwana 14, na mteja wa mpakani ana wawili kwa wakati mmoja.

Kwa mtu aliyerudi, hili lina uzito wake. Waliokaa Kala na Mwange, kambi zilizofungwa mwaka 2010, walirudi wakati simu zilikuwa bado chache. Waliotoka Mantapala kuelekea Pweto kuanzia Desemba 2021 walirudi katika dunia ambayo akiba, habari za familia na hata kumbukumbu za biashara zimo ndani ya simu. Kuacha laini ya Zambia nyuma ni sawa na kuacha sanduku.

Na redio je?

Redio ina somo lilelile, kwa njia nyingine. Mawimbi ya redio hayaombi vocha wala hayasimami forodhani. Simu nyingi za bei nafuu zina redio ndani yake, na mvuvi huisikiliza bila kulipa chochote. Lakini nayo ina mwenyewe. Redio ya taifa ya Zambia hutangaza kwa lugha saba za nchi, Kibemba kikiwamo. Kiswahili hakimo katika hizo saba. Kwa miaka mingi aliyetaka habari za Congo kwa Kiswahili alitegea Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za Congo. Wengine walitegea idhaa za ng'ambo.

Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kazi za Sauti ya Amerika, na wasikilizaji wa Kiswahili wakakuta ukimya mahali walipozoea kusikia habari. Hakuna msikilizaji aliyeulizwa, kama vile hakuna mteja wa Celtel aliyeulizwa. Chombo kinachoendeshwa kwa fedha za mbali hufungwa kwa sababu za mbali.

Kifanyike nini?

Wasimamizi wa mawasiliano wapo: ZICTA upande wa Zambia, ARPTC upande wa Congo. Mambo matatu yako ndani ya uwezo wao. Kwanza, wakubaliane ukomo wa bei ya kupiga na kupokea simu kwa laini ya nchi jirani. Pili, wakae na benki kuu zao ili mteja mwenye pochi Nchelenge aweze kutuma Kilwa au Pweto kwa ada inayojulikana mapema, badala ya kubeba noti mtumbwini na kuhatarisha maisha. Tatu, masharti hayo yaandikwe ndani ya leseni, ili yeyote atakayeinunua kampuni kesho ayakute.

Wakati tukisubiri, msomaji ajilinde mwenyewe. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako na si kwa jina la jirani au mwenye kibanda, kwani siku ikipotea mwenye jina ndiye atakayesikilizwa. Kabla ya kuvuka, toa fedha zilizomo au mtumie mtu unayemwamini. Uliza bei ya kupiga na kupokea kabla hujafika ng'ambo. Ukikatwa usichokielewa, peleka lalamiko kwa maandishi na utunze nakala.

Wenye kampuni wamebadilika mara tatu, na huenda watabadilika tena. Mitumbwi itaendelea kuvuka kati ya Kashikishi na Kilwa. Kinachotakiwa ni kanuni itakayobaki mahali pake siku mabango yatakapopakwa rangi nyingine.