Maandalizi ya Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, yapata mwezi Oktoba au Novemba, vijana wetu waliomaliza kidato cha sita huagana nasi na kwenda Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko kuanza masomo ya chuo kikuu. Jumuiya huchanga nauli, sanduku hufungwa. Je, tumewaandaa kwa lolote zaidi ya sanduku?

Tuanze na fedha, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Mzazi aliyesoma kabla ya miaka ya 1990, Serikali ilipobeba karibu gharama zote, huenda akadhani mambo ni yale yale. Sivyo. Tangu mwaka 2005 jukumu hilo limo mikononi mwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na itoacho Bodi ni mkopo, wala si zawadi: kijana akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake hukatwa hadi deni liishe. Tena si kila mwombaji hupata.

Maombi hudai cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo. Hapo yatima ambaye jamaa zake hawakuandikisha kifo cha baba yake hujikuta hana cha kuthibitisha uyatima unaojulikana na kijiji kizima. Hili ni suala la haki, na viongozi wa walei wanaweza kulimaliza mapema, kijana akiwa bado kidato cha tano, kwa kumsindikiza mlezi wilayani.

Fedha za kujikimu nazo hazimngojei mwanafunzi langoni. Hutolewa baada ya usajili, na pengine huchelewa. Basi na aondoke na akiba ya chakula cha majuma kadhaa. Tumeona familia zikichinja mbuzi na kushona sare kwa ajili ya sherehe ya kumuaga kijana, naye akafika chuoni mifuko mitupu. Heri mbuzi yule angeuzwa.

Mabweni ya vyuo vingi hayatoshi, hivyo wengi hupanga vyumba mtaani. Asimlipe dalali kabla ya kukiona chumba, na asilipe kodi pasipo mkataba wa maandishi na risiti. Akipigiwa simu na mtu asiyemjua, anayedai fedha ili "kukamilisha udahili", aulize chuoni kwanza. Orodha ya vyuo vinavyotambuliwa hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Limebaki jambo ambalo wazazi wengi huona haya kulitamka. Wako wenye mamlaka wanaowadai wanafunzi, hasa wasichana, miili yao ili wapewe alama. Hiyo ni rushwa ya ngono, nayo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Binti ayasikie haya nyumbani, kwa maneno ya wazi, kabla ya safari. Aijue namba ya simu ya bure ya TAKUKURU, yaani 113, na aijue pia namba ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye hatamwuliza kwanza alikuwa amevaa nini.