Utabiri wa mvua huanzia baharini

Mkulima anapotangaziwa kuwa mvua za vuli zitakuwa juu ya wastani, hapo ndipo huamua apande mbegu gani, na mfanyabiashara wa mahindi huamua auze sasa au asubiri. Wachache hujiuliza taarifa hiyo imetoka wapi. Sehemu kubwa yake hutoka baharini.

Hewa hubadilika kwa siku chache, lakini maji ya bahari hutunza joto kwa miezi mingi. Ndiyo maana kompyuta za wataalamu wa hali ya hewa hupewa kwanza joto la bahari lilivyo, kisha hukokotoa mvua ya msimu ujao. Kipimo kikikosewa, hesabu nzima hupotoka.

Mwaka 1997 Bahari ya Pasifiki ilikuwa na El Nino kali, na wakati huo huo Bahari ya Hindi ilipata joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia. Mvua zilizofuata zilibomoa barabara na madaraja Tanzania na Kenya. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa kali tena, watu wakajiandaa kwa mafuriko, lakini vuli haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 hapakuwa na El Nino kali, ila Bahari ya Hindi ilichemka upande wa Afrika, na mvua zikawa kubwa mno. Hivyo basi, kusikia jina la El Nino peke yake hakumtoshi mkulima wa Afrika Mashariki. Ni lazima aulize pia hali ya Bahari ya Hindi.

Bahati mbaya, bahari hiyo ilichelewa kupimwa vizuri. Satelaiti huona uso wa maji tu. Vyombo vya mpango wa Argo, ambavyo sasa ni takriban 4,000 duniani, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 kutuma vipimo. Maboya ya kudumu katika Bahari ya Hindi yalianza kupangwa mwaka 2004, lakini uharamia wa pwani ya Somalia ulikwamisha kazi upande wa magharibi, upande ambao vuli huutegemea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali zinazotoa ruzuku ya mbolea zinapaswa kuona kuwa boya baharini nalo ni pembejeo, na kuchangia meli na fedha za kulitunza. Wavuvi nao wayaache maboya hayo salama.

Hata hivyo, kipimo kizuri hakiondoi shaka yote. Utabiri wa msimu hueleza uwezekano, hautoi ahadi. Mkulima mwenye busara hupanda mazao zaidi ya moja, na hufuatilia taarifa mpya kila zinapotolewa.