Gari-nyumba si la Watalii Peke Yao

Yapo magari madogo ya mizigo ambayo mafundi huyageuza yakawa makao ya safarini: hutiwa kitanda cha kukunjwa, jiko, tangi la maji na kabati. Nchini Ujerumani, kampuni ya Westfalia ilianza kuyatengeneza hivyo magari ya Volkswagen mapema katika miaka ya 1950, na tangu hapo biashara hiyo imeenea. Mnunuzi asiye na mali nyingi hutafuta lililo dogo na la bei nafuu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wageni wenye likizo ndefu. Mimi nasema sivyo. Kazi ya kugeuza magari tunayo hapa Kenya. Toyota HiAce nyingi zilizoagizwa kutoka Japani zikiwa za mizigo zilikatwa madirisha na kutiwa viti, zikawa matatu. Magari mengine yaliwekwa paa la kuinuliwa ili mtalii asimame amtazame ndovu wa Tsavo. Mengine yakawa ya kubebea wagonjwa. Mikono ipo na zana zipo. Kinachokosekana ni mteja mwenye haja isiyokuwa nauli wala utalii.

Mteja huyo naamini yuko Kau na vijiji vilivyo jirani, katika delta ya mto Tana. Mwalimu anayepelekwa huko mara nyingi hukuta darasa kabla ya kukuta chumba cha kulala. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei huhama kufuata malisho, na watoto wao huhama nao. Shule hubaki ilipo. Je, ni ajabu walimu wakiomba uhamisho?

Pendekezo langu ni kwamba serikali ya kaunti, pamoja na Tume ya Huduma kwa Walimu, iviagize vyuo vya ufundi vitengeneze magari-nyumba machache ya mwalimu: kitanda, meza ya kusahihishia madaftari, rafu ya vitabu, bamba la umeme wa jua na tangi la maji. Gari kama hilo laweza kukaa majuma kadhaa penye kambi ya wafugaji, kisha likaondoka nao.

Hata hivyo, nguo ya kuazima haisitiri. Gari la chini linaloteleza juu ya lami ya Garsen hadi Witu halitapita matope ya delta wakati wa masika. Mafuriko ya 2018, 2023 na 2024 yaliwahamisha watu wengi wa Tana River, na maji yakijaa, chombo cha kutegemewa ni mashua. Kwa hiyo vifaa hivyo vifungwe kwa skrubu na boliti, viweze kung'olewa garini na kupakiwa mashuani. Mfano tunao: mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, kwa kuwa ngamia alipita mahali ambapo gari lilishindwa. Hekima ilikuwa kuchagua chombo kwa kuitazama ardhi kwanza.

Unafuu nao usiwe kisingizio cha uzembe. Kanuni za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, zilitufunza kwamba kiti kisichofungwa barabara na gari lililozidishwa uzito huua. Mtungi wa gesi uliolegea ndani ya chumba cha kulala nao ni hatari. Kila gari lililogeuzwa likaguliwe kabla ya kukabidhiwa mtu.

Enyi wanafunzi wa ufundi, mnafunzwa kuchomelea na kuunganisha nyaya. Ombeni kazi hii iwe sehemu ya mitihani yenu ya vitendo. Nanyi walimu, semeni wazi mnachohitaji ili mlale salama mnapofundishia. Fundi hawezi kutengeneza asichoagizwa, na mtoto wa Kau hawezi kufundishwa na mwalimu aliyekwisha kuondoka.