Mjomba na matairi ya kutisha

Wiki hii naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, maana yaliyonikuta Gerezani Jumamosi ile nisipoyasema nitapasuka kama tairi. Na ni matairi hayo hayo ndiyo ninayotaka tuyaongelee. Kina dada msifunue ukurasa mwingine, siku hizi na nyie mnaendesha ma-Prado, tena kwa fujo kutushinda!

Iko hivi. Nina mjomba wangu yuko Same, ana Land Rover 110 ya siku nyingi. Kazi yake ni kupandisha abiria Mamba Miamba kule milimani na kurudi na magunia ya tangawizi. Gari hilo ndilo lililonilipia ada mpaka nikamaliza fomu foo, kwa hiyo likikohoa huko, mimi huku Dar napata mafua.

Basi bwana, masika ya 2024 mjomba alikuwa anateremka na abiria kumi na moja, magunia juu ya keria, tairi la nyuma kushoto likapasuka kwenye kona. Mungu alisimama. Gari likaenda kuegemea upande wa mlima. Lingechagua upande wa pili, ukurasa huu ungekuwa wa tanzia. Hakuna aliyeumia, ila mama mmoja alishuka, akajitwika mzigo wake, akasema ahsanteni, yeye anamalizia kwa miguu.

Toka siku ile mjomba akawa anaungaunga kwa mitumba, leo tairi la huyu, kesho la yule, mpaka miguu yote minne ikawa na sura tofauti. Mwisho akanipigia simu: "Mjomba, nakuja huko kununua matairi." (Sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, usichanganyikiwe.)

Alishuka kwenye basi na hela ya kubana, na picha moja kichwani. Picha yenyewe ni gari la wawindaji alilowahi kuliona Moshi, limevaa matairi yenye kashata kama za trekta. "Nataka yale," akasema. "Mawili tu, ya nyuma. Hata trafiki akiniona atajua huyu si wa mchezo."

Nikamwambia mjomba twende taratibu. Nina mshikaji wangu Ilala anaziba pancha tangu tukiwa shule, huyo ndiye aliyenifundisha kulisoma tairi kama gazeti. Tukampitia kwanza. Jamaa akatuandikia chini kwa chaki aina tatu. H/T ni la lami, kashata zake ndogondogo, linatulia, halipigi kelele. M/T ni la matope, ndiyo hilo la wawindaji, lina mifereji mipana ya kutema tope. Katikati kuna A/T, la njia zote, kashata za wastani zilizokatwakatwa ili lishike kwenye kokoto na bado litembee vizuri kwenye lami. Wamarekani wa BFGoodrich ndio waliotoa la kwanza la namna hiyo lenye nyuzi za radial mwaka 1976 kwa ajili ya pikapu na magari ya porini, halafu wengine wote wakafuata.

"Mzee," mshikaji akamuuliza mjomba, "kwa wiki unakanyaga tope siku ngapi?"

Mjomba akaanza kuhesabu kwa vidole, akavikunja tena. Ukweli ni kwamba lami anaikanyaga kila siku akiingia mjini, halafu kokoto, halafu mawe yenye ncha. Tope lile jekundu la milimani linakuja miezi ya mvua tu. Na likikolea kweli, hata M/T haliponi. Kila dereva wa milimani anajua kwamba hapo unafunga minyororo kwenye matairi, na mjomba anayo yake chini ya kiti miaka yote.

Sasa ukivaa M/T ili uoneke mkali, miezi yote ya kiangazi unalipia. Kwenye lami linanguruma kama mashine ya kusaga, linaisha haraka, na lami ikilowa gari linachelewa kusimama, maana mpira unaogusa chini ni kidogo. Ungekuwa unalala kwenye mashamba ya mpunga ya Kilombero masika nzima, sawa, vaa tu. Lakini kina kaka wa Sinza mnaovaa M/T kwenda baa na kurudi, mnanichekesha!

Hapo mjomba akakubali A/T shingo upande. Ila bado akashikilia mawili tu. Mshikaji akakataa, na hapa mwenye gari la miguu minne tega sikio.

Land Rover 110 inavuta miguu yote minne muda wote, ina difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka matairi mapya nyuma na mbele ukaacha vipara, ya nyuma ni makubwa kuliko ya mbele. Kidogo tu, lakini makubwa. Maana yake ya mbele yanazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na difu ya katikati haipati kupumzika hata njia ikiwa imenyooka. Ukija kuifunga difu hiyo ili upande mlima, ndiyo balaa: mbele inataka hivi, nyuma inataka vile, chuma kinajikamua. Kwenye tope matairi yanateleza kidogo na chuma kinapona. Kwenye ardhi kavu hakuna pa kuponea. Yale magari ambayo miguu ya mbele unaiunga mwenyewe kwa gia yana nafuu, ukinunua mawili utasogea, mradi saizi ni ile ile na hutembei umeunga kwenye lami.

"Kumbe ndiyo maana inalia," mjomba akasema kwa sauti ya chini. Kwa mwaka mzima alikuwa anafikiri ni gia boksi!

Basi tukaenda Gerezani na hela ya matairi mawili ya jina kubwa, tukitafuta manne ya jina dogo. Duka la kwanza silitaji. Muuzaji kijana wa rika langu, cheni shingoni, maneno kama redio. Mjomba akamwambia gari lake linavaa 235/85R16. Kijana hata hakuinuka. "Hiyo hamna mzee, ila chukua hii 265/70R16, ni pana zaidi, itakaa bomba, mbona ringi ni 16 hiyo hiyo!"

Mimi hesabu sikuwa mkali, lakini hiyo nilishaikariri. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Chukua 235 mara 85 kwa 100, unapata karibu 200. Zidisha kwa mbili, jumlisha ringi ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, unapata kama 806. Ndiyo urefu wa tairi likisimama. Fanya hivyo hivyo kwa 265/70, unapata 777. Karibu sentimita 3 zimeyeyuka! Gari linashuka, mawe yanasogelea difu, na mshale ukionyesha 80 wewe uko kwenye 77. Tena ringi za mjomba ni za chuma, nyembamba, hilo pana halikai sawasawa.

Halafu kuna namba ndogo ambayo watu hatuisomi kabisa, ile inayofuata baada ya saizi. Hilo la kijana lilikuwa 112, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. La saizi ya mjomba kwa kawaida lina 120, yaani kilo 1,400. Tofauti ni kilo 280 kwa kila tairi, na mjomba kwa magunia mnamjua nyie? Mimi namjua.

Kijana kuona hivyo akabadili gia. Akatoa 235/85R16 kutoka stoo, jeusi linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akatuonyesha alama pembeni, kilima chenye ncha tatu na katikati kama ua. "Mnaiona hii? Huu ni Mlima Kilimanjaro. Hili limetengenezwa maalum kwa kupanda milima yetu!"

Mjomba akatabasamu, sijui kwa nini Wapare mkisikia Kilimanjaro mnalegea. Ilibidi niseme tu. Ile si Kilimanjaro, ni alama ya theluji ya huko kwao, tairi limepimwa likaonekana linashika kwenye theluji. Halina ubaya, ila kwa tangawizi halisaidii kitu.

Nikainama kutafuta tarehe. Pembeni ya tairi kuna herufi DOT, na mwisho wake namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Upande wa mbele hazikuwepo, nikaligeuza, nikasugua vumbi. 0915. Wiki ya 9 ya mwaka 2015!

"Lakini halijawahi kutembea," kijana akasema.

Ni kweli, halikutembea. Ila mpira unazeeka hata ukiwa umelala dukani, unakauka, nyufa zinaanzia ndani usikoziona. Wenye viwanda wengi wanasema likifika miaka 5 lianze kukaguliwa kila mwaka, na likifika 10 tangu litengenezwe litolewe, hata kama kashata bado zimejaa. Tukamuaga kijana. Sikusikia alichosema nyuma yetu, na bora sikusikia.

Duka la nne ndipo tulipopata. Mzee mmoja mpole, haongei sana, ana miwani iliyofungwa uzi. Alitoa A/T za Kichina, 235/85R16, namba 120, nguvu ya tabaka 10, ile inayoandikwa herufi E, nzuri kwa mawe ya kule. Tarehe zote nne hazijafikisha mwaka. Bei tulivutana mpaka mchana, mwisho tukaelewana zaidi kidogo ya laki nne kila moja, na mimi nikaongezea hela niliyokuwa nimeiweka ya viatu. Najua kuna watakaoniambia Mchina haaminiki. Jina kubwa lingekaa muda mrefu zaidi, sibishi. Ila kati ya mawili ya jina kubwa na manne mapya ya saizi moja, kwa gari lile, mimi siyumbi. Mjomba naye njia nzima alikuwa analilia General Tyre ya Arusha, enzi zile tairi unalinunua limetoka kiwandani hapa hapa, lakini uzalishaji ulishasimama miaka ya 2000 na kilio hakivalishwi kwenye ringi.

Tukayapakia kwenye basi la kwenda Same, na mimi nikapanda, maana kazi ya kufunga sikumwachia mtu. Kesho yake asubuhi tuko uani kwa mjomba, jeki na spana, gari linavuliwa. Vipara vikatoka kimoja baada ya kingine. Moja lilikuwa limeshaonyesha nyuzi.

Nikasema na tairi la spea tulitazame. Mjomba akaja juu. "Hilo acha! Hilo ndilo zima kuliko yote, ni la jina, sijalitumia hata mara tano!" Kweli kashata zilijaa pomoni. Lilikuwa limekaa mlango wa nyuma, jua la Same linalipiga kila siku ya Mungu. Nikatafuta DOT. 2211.

Nikampa mjomba asome mwenyewe. Akavaa miwani, akaitaja taratibu, wiki ya 22, mwaka 2011. Akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka kama kisigino cha mkulima. Akakaa kwenye kigoda. "Na lile lililopasuka," akasema, "nililinunua siku moja na hili."

Hatukuongea kitu kwa muda. Hata kuku walikaa kimya.

Spea tukaweka lile la mtumba lililokuwa na nafuu, lina tarehe ya 2019, la kumfikisha gereji tu, mpaka atakaponunua la tano. Upepo nilimwekea mwenyewe kwa kufuata kitabu cha gari, mbele 28, nyuma 48 likiwa na mzigo. Yeye alikuwa anapiga 40 kote "ili isilete ugomvi". Nikamwachia na maagizo: akirudi safari ya kwanza akaze nati tena, na kila kilomita elfu nane mpaka kumi ya mbele yaende nyuma.

Juzi kanipigia. Kapanda na kushuka wiki nzima, mvua imenyesha siku mbili, minyororo kafunga mara moja tu. Mlio wa gia boksi umeisha. Yule mama aliyemalizia kwa miguu kapanda tena, ila kabla ya kupanda alizunguka gari lote akitazama chini. Malalamiko ya mjomba ni moja: matairi hayatishi. Trafiki kamsimamisha kama kawaida.

Na lile la 2011? Nilimwambia alikate kwa panga lisije likarudi barabarani kwa mtu mwingine. Kasema atalikata kesho. Hii ni wiki ya pili ya kesho, kwa hiyo Ijumaa napanda basi na panga langu.