Kuongeza springi si kuongeza tani
Wafanyabiashara wengi wa mazao wenye pikapu za zamani hukimbilia kwa fundi kuongezewa springi za nyuma ili wabebe zaidi. Springi zilizochoka ni vema zibadilishwe. Hata hivyo, springi za ziada huzuia gari kulala tu. Haziongezi nguvu ya breki, ekseli, beringi wala matairi. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 tayari ni tani moja. Yakiwa ya lumbesa, pikapu ya tani moja imezidiwa kabla utingo hajapanda. Faida ya magunia mawili ya ziada humezwa na ekseli moja ikivunjika njiani. Mwenye mzigo mkubwa afadhali achangie lori na wenzake.